Letisia na Wenye Nyumba wa Makambako

Mkono wa kushoto wa Stella uliungua wakati wa kipupwe, jikoni kwa bibi yake, katika kijiji kilicho jirani na misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Humo jikoni walikuwamo watu wazima wakiota moto. Mtoto alipopatwa na kifafa na kuangukia mafigani, wote walitoka mbio. Hawakuwa na roho mbaya. Tangu utoto wao walikuwa wameambiwa kwamba anayemgusa mgonjwa wa kifafa wakati anatoka povu naye ataupata, na hofu uliyoinyonya pamoja na maziwa haikutoki kirahisi. Mama yake, Letisia Mlowe, alikuwa akichimba viazi shamba la nyuma ya nyumba. Alisikia makelele, akatupa jembe. Alipofika uani aliwakuta wakwe na mawifi wamesimama mikono kichwani, na mtoto bado yuko ndani.

Alimtoa mwenyewe.

Walimpeleka Ikonda, kule Makete, ambako wagonjwa hufika kutoka mikoa ya mbali. Walikaa huko hadi vidonda vikaanza kukauka, ingawa vidole viwili vilishikana na havikufunguka tena. Daktari alimweleza Letisia taratibu: kifafa ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana, mtoto ameze vidonge vyake kila siku, na asiachwe peke yake karibu na moto au maji.

"Hata kwa mate?" Letisia aliuliza.

"Hata kwa mate, mama."

Kwa miaka mitano, tangu Stella alipoanza kuanguka, yeye mwenyewe alikuwa akimtengea mtoto wake kikombe.

Letisia hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alizaliwa kijiji hicho hicho, akabatizwa misheni hiyo hiyo, akaolewa na Silvanus, mpasua mbao, na kuishi uani kwa mama mkwe bila ugomvi wa kusikika. Kwa hiyo mumewe alipokuja Ikonda kuwachukua, alishangaa kumsikia akisema, hata kabla hawajatoka getini, "Baba Stella, kwenu nitakwenda kusalimia. Kulala, silali tena."

"Na tutalala wapi?"

"Popote ambapo mtoto akianguka sisi ndio tutakaokuwepo."

Silvanus alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwenye yadi ya mbao Makambako. Akampigia simu, nafasi ikapatikana. Basi wakafunga magodoro na sufuria, Letisia akambeba mgongoni mtoto wake mdogo, Ezekia, wakashuka na basi la asubuhi. Mama mkwe aliwasindikiza hadi barabarani. Aliwapa kikapu cha viazi na kuku mmoja, lakini yeye hakumpa Stella mkono. Alimpungia kutoka mbali.

Makambako ni mji wa njia panda. Malori ya kwenda Tunduma na Songea hupita usiku na mchana, na watu wake wengi wametoka kwingine: Wakinga wenye maduka, Wabena wa vijijini, Waislamu wasafirishaji na wauza nafaka waliokuja na lori na kuota mizizi. Letisia alifurahi. Aliwaza kwamba mji wa watu wasiofahamiana hautakuwa na muda wa kumchunguza mtoto wake.

Walipata chumba mtaa wa Lyamkena, katika nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Jane, yenye wapangaji wengine wanne wanaotumia bomba moja na choo kimoja. Siku ya kuingia, Silvanus alimvuta mkewe pembeni.

"Usimwambie mtu. Mkono waambie aliungua kwa uji."

"Mficha maradhi kilio humuumbua, baba Stella."

"Kilio kitakuja siku yake. Leo tunataka paa."

Akakubali, na jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Alimvisha Stella sweta la mikono mirefu, jambo ambalo halikumshangaza mtu, kwa kuwa upepo wa Makambako humvisha kila mtu sweta. Alimhesabia vidonge. Mchana alifua nguo za watu palepale uani ili asimwache binti yake. Stella alikuwa na miaka kumi na mbili, mrefu kwa umri wake, mchekeshaji, na haikuchukua muda akapata marafiki. Jane, binti wa mwenye nyumba, alikuja kusukwa naye mlangoni jioni, akilalamika kwamba Stella anavuta nywele kwa vidole vitatu kama koleo. Wote wawili walikuwa wakicheka hadi Mama Jane anauliza kuna nini. Letisia aliwatazama akicheka nao, huku jicho likiwa kwenye mkono wa lile sweta.

Kisha Stella akashikwa na homa, na homa humwamsha nyoka aliyelala. Asubuhi moja, wanawake wakiwa bombani na ndoo zao, alitoka kunawa uso. Alitoa sauti moja nzito isiyo yake, akaanguka chali kwenye zege. Ndoo zikapinduka. Wanawake wakakimbilia varandani. Letisia alitoka ndani na kitambaa cha kichwa mkononi, akapiga magoti majini, akamgeuza binti yake ubavu, akamtilia kitambaa chini ya kichwa, akangoja. Alipoinua macho aliona nyumba nzima imesimama mlangoni. Jane alikuwa katikati yao, ameziba mdomo kwa viganja.

Hakuna aliyemtukana. Jioni Mama Jane aligonga mlango akiwa amejifunga khanga mbili, kama mtu anayekwenda msibani.

"Mama Stella, sina ubaya na wewe."

"Najua, mama."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungenipa chumba?"

Mama Jane alitazama chini. Alikuwa mtu mkweli, na Letisia alimheshimu kwa hilo hata siku zile. "Nisingekupa," alisema. "Wapangaji wamesema ama ninyi ama wao. Mimi naishi kwa kodi yao. Mwezi huu ukiisha, mama, naomba mtafute pengine."

"Na Jane aliguswa na povu?" Mama Jane aliongeza kuuliza. "Walikuwa wakisukana jana."

"Hakiambukizi," Letisia alisema. "Daktari ameniambia."

"Daktari hakai hapa," alijibu Mama Jane, akaondoka. Toka siku hiyo Jane hakuonekana tena mlangoni.

Ndipo Letisia alipoanza kutembea. Alimtafuta dalali, kijana wa kituo cha bodaboda aliyeitwa Mudy, mwepesi wa maneno, aliyejua kila chumba kilicho wazi kuanzia stendi hadi mwisho wa mji. Mudy alimpeleka nyumba ya kwanza huku akiisifia kama anauza ng'ombe: ina umeme, mwenye nyumba hana makuu, maji hayakatiki. Mwenye nyumba, fundi cherehani, akamkaribisha vizuri. Walipofika kwenye kukubaliana, Letisia akasema, "Baba, kabla sijakushukuru. Nina mtoto mwenye kifafa. Anatumia dawa, anahudhuria kliniki Ilembula, lakini huanguka mara moja moja. Hakiambukizi. Nimeona nikwambie."

Mudy alimtazama kama mtu aliyemwona mwenzake akijimwagia maji ya moto. Fundi cherehani alikohoa, akasema amekumbuka kwamba chumba hicho alikwisha kumwahidi shemeji yake.

Njiani Mudy alilipuka. "Dada yangu, unaniharibia kazi! Si ungeingia kwanza?"

"Niliingia kwanza pale nilipo. Ndiyo maana natoka."

Nyumba ya pili walimtaka alete mchungaji aombee kwanza, na walipojua ni Mkatoliki wakamwambia padri hatafaa. Nyumba ya tatu mwanamume alikubali, mkewe akatoka ndani akakataa. Kwingine walimwambia wao watu wazima wanaweza kupanga, binti alale bandani penye kuni. Letisia alilitazama banda lile. Lilikuwa limeegemea ukuta wa jiko, na moshi ulipita katikati ya mbao. Alishukuru, akaaga. Baada ya hapo alijifunza kuona jibu usoni kabla halijafika mdomoni: jicho lilikuwa likihama kutoka kwake na kwenda mlangoni, kama vile Stella amekwisha kuingia.

Silvanus alipojua kwamba mkewe anasema ukweli kila mlango, alikasirika.

"Unatutangaza mji mzima! Kesho watajua hata yadini."

"Wajue."

"Tutalala barabarani kwa sababu ya ukweli wako, Letisia." Alimwita jina, jambo asilolifanya kwa kawaida. Kisha akakaa kitako juu ya ndoo, akasema kwa sauti ya chini, "Mpeleke kwa mama. Kwa muda tu. Tukipata pa kukaa tutamchukua."

Stella alikuwa amelala upande wa pili wa pazia, au walidhani amelala.

"Mkono mmoja umekwisha kuliwa na moto," Letisia alimjibu. "Unataka tuupeleke na wa pili?"

Mwezi ulikuwa ukingoni. Asubuhi ya Jumamosi Letisia alikwenda kurudisha nguo alizofua, na Silvanus, ambaye hakuwa na zamu, akabaki na watoto. Aliporudi alimkuta Ezekia kwa jirani. Yule jirani alimpokeza mtoto kwa mikono iliyonyooshwa mbali na kifua, akasema baba na binti wametoka na begi. Letisia hakuuliza begi gani. Alimfunga Ezekia mgongoni, akashika njia ya stendi, anakimbia, kiatu kimoja kikakatika akakiacha hapo hapo barabarani.

Basi la Njombe lilikuwa likitoka. Aliliona mgongo tu, limejaa, linapiga honi. Akasimama katikati ya wauza karanga na wapiga debe.

Kisha akawaona. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la mama muuza chai, begi limewekwa katikati yao. Silvanus alikuwa ameinamisha kichwa. Stella alikuwa akimshika begani kwa ule mkono wake mbovu, kana kwamba yeye ndiye mzazi.

"Basi limekuacha?" Letisia aliuliza.

"Hili la pili," Silvanus alisema bila kuinua uso. "La kwanza lilikuwa na nafasi."

Stella akasema haraka, kama mtu aliyekariri, "Mama, mimi nimekubali. Nitakaa kwa bibi. Jikoni sitaingia, nitaota jua tu. Ninyi mpate chumba."

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai alishusha kikombe chake. Letisia aliketi kwenye benchi, akamvuta binti yake kifuani. Silvanus alikuwa akilia waziwazi, mbele za watu, mwanamume mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisema alimpigia simu kaka yake aje kumpokea Stella Njombe mjini ampeleke kijijini, na kaka yake alimuuliza swali moja tu: akianguka njiani, nani atamgusa? Na hapo akashindwa kupanda.

Mudy ndiye aliyewakuta. Stendi ilikuwa uwanja wake, naye alikuwa amesikia habari kwa wapiga debe kabla hajafika. Alisimama mbele yao akichezea funguo za pikipiki, kwa mara ya kwanza hana la kusifia.

"Kuna nyumba moja," alisema. "Dalali hapati kitu pale, ndiyo maana sikukutajia. Ni pagale. Ya Bi Esha, yule anayeuza maharage sokoni. Mlinzi wake amemwibia saruji, akakimbia."

Walikwenda wote, na begi lao. Bi Esha alikuwa mama wa makamo, mweusi, mwenye ushungi uliofungwa imara, aliyekuja Makambako kutoka Kondoa pamoja na mumewe dereva wa malori. Mume alikwisha fariki, biashara ikabaki. Alikuwa amekaa juu ya gunia akichambua maharage, na hakuacha kuchambua walipomsalimia.

"Shikamoo, mama," alisema Letisia, na kabla hajakaribishwa akamweleza.

"Huyu ndiye?" Bi Esha alimkazia macho Stella.

"Ndiye."

"Anaanguka mara ngapi?"

"Akimeza dawa vizuri, mwezi unaweza kupita, hata miwili. Akiwa na homa, huanguka."

"Mimi naogopa kifafa," Bi Esha alisema. "Sikufichi. Lakini silali pale mimi. Naogopa zaidi wezi wa mabati." Alipepeta kidogo, akapuliza makapi. "Nyumba haina madirisha, haina dari, choo ni cha shimo, maji mtachota kwa jirani kama jirani atakubali. Mwanangu Hamis yuko Tunduma, anaendesha lori. Akirudi kuimalizia mtatoka, na sitaki kuliliwa siku hiyo. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, mama."

"Kodi sitaki. Bati likipotea nawadai ninyi."

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, imesimama peke yake mwisho wa mtaa, upepo ukiingia dirisha moja na kutokea jingine kana kwamba una shughuli humo. Usiku wa kwanza walilala wote wanne kwenye godoro moja, pembeni, nyuma ya turubai. Letisia hakupata usingizi. Alisikia bati likigongagonga, alisikia malori yakipanda kilima cha barabara kuu, na zaidi ya yote alisikia kwamba hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo. Hakuna wa kukimbia. Kwa miezi mingi hakuwahi kuwa mpweke namna ile, wala kupumua namna ile.

Silvanus aliomba mabanzi yadini, yale maganda ya magogo ambayo watu huyachukua kwa kuni, akayapigilia kwenye madirisha yote. Nyumba ikawa na giza lakini ikapata joto kidogo. Letisia alikataa kabisa kuingiza jiko la mkaa ndani, hata baridi ya Juni ilipofika na maji kwenye ndoo kugeuka kisu. Alipikia nje, nyuma ya ukuta wa matofali aliyoyapanga mwenyewe, na Stella alikuwa na mstari wake aliochorewa chini asiouvuka. Mara nyingine mama na binti waligombana juu ya mstari huo. Stella alikuwa anakua, alitaka kupika.

Siku moja Bi Esha alikuja kukagua mabati yake. Alikuwa chumba cha mbele akiinua macho kwenye boriti Stella alipoanguka karibu kabisa na miguu yake. Mama yule aliruka nyuma, akabandika mgongo ukutani, akaanza kuomba kwa sauti, macho yamemtoka. Letisia alimgeuza mtoto, akatafuta cha kumtilia kichwani, kitambaa hakikuwepo. Akasikia kitu laini kikimwangukia begani. Bi Esha alikuwa amemtupia mtandio wake. Hakusogea hata hatua moja, wala hakuacha kutetemeka, na Stella alipotulia alitoka kichwa wazi, akaenda zake bila kuaga.

Letisia aliufua ule mtandio, akaupeleka sokoni. Bi Esha alisema abaki nao tu. Miezi miwili hakukanyaga tena pale nyumbani, lakini hakuwatoa.

Majirani walikuja polepole, au hawakuja. Mmoja aliwakubalia maji kwa masharti kwamba Letisia achote, si binti. Mwingine, mama aliyeitwa Jasmine, alikuja mwenyewe kuuliza zile dawa hutolewa siku gani Ilembula. Hakusema anamuulizia nani. Letisia hakumdodosa, alimwambia tu siku na saa ya kuwahi. Shuleni mwalimu alimpokea Stella akamkalisha dawati la mbele, peke yake. Letisia hakujua kama ni heshima au ni kutengwa, na Stella hakutaka kulizungumza.

Hamis alikuja mvua zilipoanza. Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alizunguka nyumba, akagonga kuta kwa ngumi, akapima kwa hatua, akayasifu madirisha ya mabanzi, na Silvanus akacheka kwa aibu. Akasema mwakani, Mungu akipenda, ataoa, kwa hiyo anataka nyumba ipigwe lipu.

"Mwakani lini, kaka?" Letisia aliuliza.

"Ndiyo sijui, dada. Nikipata mafundi. Mtakaa mpaka mafundi waje."

Alikunywa chai waliyompa, akamsalimia kila mtu kwa mkono, Stella pia, akapanda pikipiki ya Mudy kurudi mjini. Silvanus alisimama mlangoni hadi mlio wa pikipiki ukapotea, kisha akachukua nyundo akaenda nyuma kupigilia banzi lililolegea, ingawa halikuwa limelegea sana.

Ndani, Letisia alikuwa akianua nguo alizozitundika kwenye kamba chumbani, kwa sababu ya mvua. Stella alimpokea, akawa anakunja kwa vidole vyake vitatu.

"Mama, kaka Hamis na mke wake watalala chumba gani?"

Letisia alitazama kuta, turubai, na ile kona yenye godoro, kavu kuliko zote.

"Hiki," alisema, akampa shati jingine akunje.